Matawi ya Bibi Tranter

Kila asubuhi Kelvin Preece alinoa msumeno wake juu ya meza ya jikoni, na kila asubuhi mkewe Leanne alimfukuza.

"Kanolee nje. Unga wa chuma unaingia kwenye mkate."

"Nje kuna baridi."

"Na jikoni kuna watu."

Basi Kelvin alibeba tupa yake, chupa ya chai, na mikate yake iliyotiwa nyama ya nguruwe na kufungwa kwenye karatasi, akaenda kumalizia kazi ndani ya lori. Lilikuwa lori dogo la kijani, bodi yake inainuka kumwaga mzigo. Mlango wa kushoto haukufunga vizuri, kwa hiyo aliufunga kwa kipande cha kamba kuukuu ya kupandia miti. Alilinunua kwa jasho lake, na alilipenda.

Kazi yake ilikuwa kukata miti. Walikaa katika mji mdogo wa Uingereza, bondeni karibu na mpaka wa Wales, na kule miti ni mingi na mvua ni nyingi. Mti ukizeeka ukaelemea paa la mtu, Kelvin aliitwa. Alifunga mkanda wake, akavaa kofia ngumu, akapanda kwa kamba, akaushusha mti kipande kwa kipande bila kuvunja hata kigae.

Hakuwa mwajiriwa wa mtu. Siku nyingi alifanya kazi na Lyndon Gough, mtu mwenye mashine kubwa na vijana wa mshahara. Lyndon akimhitaji, anampigia simu. Kazi ikiisha, Kelvin anampelekea bili. Kodi yake alilipa mwenyewe, kwa jina lake.

Leanne aliwahi kumuuliza, "Hivi wewe leseni ya kubeba taka unayo?"

"Niko chini ya Lyndon. Yeye anayo."

"Ina maana ya Lyndon inakufunika na wewe?"

"Wote tunafanya hivyo, Leanne."

Hapo alisema kweli. Wakata miti wengi wa bonde lile walijificha chini ya leseni ya mkubwa mmoja, kama vifaranga. Hakuna aliyeuliza kama mbawa za huyo mkubwa zinafika.

Sasa, kulikuwa na mwanamke mzee aliyeitwa Bibi Tranter. Alikuwa mpishi wa shule ya msingi hadi alipostaafu. Alimlisha Kelvin tangu ana miaka mitano. Alijua kwamba Kelvin hapendi kabichi, na alijua kwamba siku za Ijumaa nyumbani kwao chakula kilikuwa kidogo. Siku hizo alimjazia sahani mara mbili na kujifanya amesahau kwamba amekwisha kumpa.

Mbele ya nyumba yake palikuwa na mti wa ajabu. Majani yake yalikuwa magumu, yamepangana kama magamba, na kila gamba lina ncha kali ya kutoboa kidole. Kule wanauita mti wa kumshinda nyani, kwa kuwa hata nyani asingejua pa kushika akitaka kuupanda. Marehemu mumewe aliununua ukiwa kwenye chungu, mwaka waliooana. Ulikua ukapita bomba la moshi la nyumba. Katika bonde zima hapakuwa na mwingine.

Lakini shina lilianza kuoza chini. Upepo mmoja mkali, na mti ungeangukia kitanda cha bibi. Akamwita Kelvin.

Kelvin alifanya kazi ile peke yake, Ijumaa kutwa. Miiba ilimchana mikono mpaka kwenye viwiko. Bibi Tranter alikaa dirishani, hakutazama televisheni, alitazama mti. Matawi yalipokwisha kupakiwa, alitoka na chai na kipande kinene cha keki ya zabibu kavu.

"Kula, mwanangu. Umekonda."

"Sijakonda, bibi. Leanne ananilisha."

"Basi anakulisha hewa." Akatazama lori. "Na mbao za banda langu la kuku, zile zilizoanguka, unaweza kunichukulia pia?"

"Nipe tu."

Zilipopakiwa, bibi akaweka kiganja juu ya tawi moja, polepole kwa sababu ya miiba.

"Unaupeleka wapi?"

"Kituoni, bibi. Wanausaga, unakuwa mbolea ya bustani."

"Vizuri. Urudi kwenye udongo kwa heshima. Tranter angependa hivyo."

"Nakuahidi," Kelvin akasema.

Kituo cha kupokea matawi kilikuwa nje ya mji, na kilikuwa karibu kufungwa. Malori yalipanga foleni. Langoni alikuwepo mama mmoja mpya, Gaynor, amevaa koti la njano na ana kalamu sikioni.

"Namba yako ya leseni ya kubeba taka?"

"Andika Lyndon Gough."

"Lyndon mwenyewe yuko wapi?"

"Kwake. Nadhani ameinua miguu juu ya kochi."

"Lori la nani?"

"Langu."

"Lyndon anakulipa mshahara?"

"Hapana. Najitegemea. Na kazi ya leo si yake, ni yangu."

Gaynor akatoa kalamu sikioni, lakini hakuandika kitu. "Basi nikueleze, kaka. Leseni ya Lyndon inamfunika Lyndon na watu aliowaajiri. Wewe ni biashara nyingine. Una lori lako, una bili zako, una kodi yako. Unatakiwa kujiandikisha kwa jina lako."

"Lakini haya ni matawi, dada. Si mapipa ya sumu."

"Mwenye nyumba akishakuambia umuondolee, na wewe umeyapakia kwenda kuyatupa, kisheria ni taka. Hata yawe na maua."

"Miaka yote napita hapa."

"Ulipitishwa kimakosa. Sikiliza, si jambo gumu. Kuna madaraja mawili. Daraja la chini ni bure. Hilo ni la mtu anayebeba taka zilizotokana na kazi yake mwenyewe, kama matawi uliyoyakata wewe. Daraja la juu unalipia, na unalihuisha kila baada ya miaka mitatu. Hilo ni la anayebeba taka za watu wengine, au za ujenzi na ubomoaji." Akachungulia ndani ya bodi. "Hizi mbao ni za nini?"

"Banda la kuku la bibi."

"Umelijenga wewe? Umelivunja wewe?"

"Lilianguka lenyewe."

"Basi ni taka ya bibi, si yako. Wewe unahitaji daraja la juu. Egesha pale pembeni, toa simu, tujaze pamoja. Mzigo utauacha hapa kesho asubuhi, nitakulindia nafasi."

Nyuma yao mtu akapiga honi. Dereva mmoja akatoa kichwa dirishani.

"Kelvin, umekuja kumwaga matawi au kuposa?"

Foleni nzima ikacheka. Mwingine akaongeza, "Mwacheni, anajifunza kusoma."

Kelvin alisikia masikio yanawaka. Kama dereva yule angenyamaza, huenda angeegesha. Lakini alikuwa amechoka, mikono inamuuma, na wenzake wanamcheka. Akarudisha lori nyuma bila kuaga. Gaynor akabaki amesimama na kalamu yake.

Kando ya barabara kuu palikuwa na kibanda cha chai cha madereva. Hapo alikuwepo mtu mmoja aliyejiita Shane. Kila mtu alimjua kwa uso, na hakuna aliyemjua kwa jina la ukoo.

"Bosi, mbona umenuna? Mzigo umekataliwa?"

"Ndiyo."

"Nipe noti mbili tu, nauhamishia kwenye gari langu sasa hivi. Wewe unaenda nyumbani kula."

"Utaupeleka wapi?"

"Rafiki yangu ana shamba."

Kelvin hakuuliza shamba lipo wapi. Hakuuliza leseni. Angeuliza, angepata jibu, na jibu lile hakulitaka. Akatoa noti mbili.

Nyumbani Leanne alimuuliza kama mti umefika salama.

"Umefika," akasema, akaoga.

Jumamosi mvua ilinyesha kutwa. Jumapili asubuhi Leanne alikwenda kwenye kiwanja chake cha bustani, pale kando ya kijito ambapo halmashauri hukodisha viwanja kwa watu wa mji kulima mboga. Alikuwa ameotesha liki, mboga ndefu za jamii ya vitunguu, za mashindano ya maua na mboga. Aliziotesha kwa mbegu, akazivisha shingo kwa karatasi ziwe nyeupe, akazitunza kama watoto waliozaliwa kabla ya siku zao. Alirudi upesi mno, matope yamefika magotini.

Alisimama mlangoni, hakuvua viatu.

"Maji yamepanda," akasema. "Yamefunika viwanja vyote vya chini. Liki zangu zinaelea."

"Kwa nini?"

"Kalavati limeziba." Akamtazama. "Limezibwa na matawi, Kelvin. Yana magamba. Yana miiba. Na mbao za banda la kuku zimekaa juu yake."

Kelvin aliweka kikombe mezani.

"Watu wamesimama pale wamejaa," Leanne akaendelea. "Hakuna hata mmoja aliyeuliza ni mti wa nani. Wangeuliza nini? Mji mzima umeupita mti ule kila siku."

"Nilimpa mtu aupeleke."

"Nani?"

"Shane."

"Shane nani?"

"Jina la ukoo silijui."

"Uliniambia umefika," Leanne akasema. Akavua viatu kimoja kimoja, akapanda juu, akafunga mlango wa chumba.

Jumatatu Kelvin alipiga namba ya simu ambayo Shane alimpa kibandani. Ilikuwa imezimwa. Alikwenda kwenye kibanda cha chai, na wote wakamwambia hawajamwona. Ndipo akaenda kwa Bibi Tranter. Njiani alipanga maneno. Atasema amedanganywa. Atasema atasafisha mwenyewe.

Alipita mlango wa nyuma, kama alivyozoea. Ulikuwa wazi kidogo. Ndani alimkuta bibi amekaa na bwana mmoja wa halmashauri, amevaa beji shingoni. Bwana yule alikuwa amempa mgongo Kelvin. Bibi alikuwa ameelekea mlango.

"Mama, mti ni wako?" bwana akauliza.

"Ulikuwa wangu."

"Na mbao?"

"Zangu."

"Nani aliyeziondoa?"

Bibi Tranter aliinua macho, akamwona Kelvin amesimama kizingitini. Walitazamana.

"Ulimuuliza kama ana leseni ya kubeba taka?" bwana akaendelea. "Ukiwa mwenye nyumba, sheria inakutaka uchukue hatua ya kujua unampa nani taka zako. Unamuuliza namba, unaitazama kwenye orodha ya serikali. Ni bure, mtu yeyote anaweza kuitazama. Usipouliza, na zikatupwa ovyo, faini inaweza kuja kwako."

"Sikuuliza," bibi akasema. "Nilimwamini."

"Basi nitajie jina lake."

Bibi alimtazama Kelvin bila kupepesa. Hakumtaja. Alimngoja.

Kelvin alifungua mdomo. Akilini aliliona lori lake linaburutwa. Alimwona Lyndon. Aliwaona wale wa foleni. Akafunga mdomo, akarudi nyuma hatua kwa hatua, mpaka akafika barabarani.

Nyuma yake alisikia sauti ya bibi, tulivu kabisa. "Mimi ni mzee. Sikumbuki. Hiyo faini ilete kwangu."

Kelvin hakula siku ile. Jioni alimweleza Leanne yote, mpaka habari ya mlangoni. Leanne alikuwa anakausha sahani. Akaiweka chini.

"Yule mama alikulisha Ijumaa ngapi?"

"Najua."

"Hujui. Ungejua, usingekuwa umekaa hapa. Kesho saa ya kufungua ofisi, mimi na wewe tunaenda halmashauri. Ukikataa, nitaenda peke yangu, na nitakutaja mimi."

Asubuhi walikwenda. Kelvin alisema kila kitu mbele ya bwana yule wa beji. Alisema alibeba bila leseni. Alisema alimpa mtu asiyemjua. Alisema Bibi Tranter hakujua lolote.

Bwana aliandika, kisha akaweka kalamu chini. "Makosa yako ni mawili, bwana Preece. Moja, umebeba taka za biashara bila kujiandikisha. Pili, ukazikabidhi kwa mtu bila kuhakikisha ameruhusiwa, tena bila karatasi ya makabidhiano. Kumlipa mtu hakukuondolei mzigo. Ilikuwa juu yako kujua anayeupokea ni nani."

"Na bibi?"

"Faini ya bibi tutaifuta. Yako inabaki. Huyo Shane tukimpata, tuna mazungumzo naye marefu. Lori lako sitalichukua, kwa sababu umekuja mwenyewe. Ningekukamata barabarani tungeongea mengine."

Kelvin alitoa matawi kijitoni kwa mikono yake. Aliingia majini mpaka kifuani, akayavuta moja moja, na miiba ikamchana pale pale ilipokuwa imepona. Watu wa viwanja walisimama kando na majembe yao. Hakuna aliyemtukana, na hakuna aliyemsaidia. Mzee mmoja alisema tu, "Uliletea kijito chetu mti wa Tranter," akaondoka.

Lyndon alimpigia simu jioni ile.

"Umetaja jina langu kule langoni."

"Nilidhani niko chini yako."

"Chini yangu wapi? Mimi ni mzazi wako? Usije tena, Kelvin. Sitaki halmashauri kwenye yadi yangu." Akakata. Miaka yote ile Lyndon alijua Kelvin anatumia jina lake, na halikumkera maadamu mizigo inaondoka.

Basi Kelvin alirudi kituoni. Alichagua saa isiyo na foleni. Gaynor alikuwa kwenye kibanda chake, anakula supu kwenye kikombe.

"Nimekuja tujaze," Kelvin akasema.

Gaynor hakumsimanga. Alisogeza kiti. Walijaza kwenye simu ya Kelvin: jina, anwani, aina ya kazi, aina ya taka. Kwa sababu wateja humpa pia mbao na nyua zao kuukuu, walichagua daraja la juu, Kelvin akalipa ada. Wakaulizwa kama ana kosa la aina hii. Gaynor akasema, "Sema kweli." Akasema kweli, wakangoja, na baadaye namba ikaja.

"Nisikilize sasa, maana watu huishia kwenye namba," Gaynor akamwambia. "Kila ukikabidhi mzigo, andika karatasi: ni nini, kiasi gani, umetoka wapi, nani ametoa, nani amepokea, tarehe, sahihi zote mbili. Tunza nakala miaka miwili. Ukija hapa hapa kila siku na mzigo wa aina ile ile, karatasi moja inaweza kutumika mwaka mzima. Mtu akitaka kukuchukulia mzigo, muulize namba yake, itazame kwenye orodha kabla hujapakua. Asipokuwemo, rudi na mzigo wako nyumbani, ulale nao uani."

"Ningeulaza uani ile Ijumaa," Kelvin akasema.

"Ndiyo," Gaynor akasema. "Ungeulaza."

Miezi ikapita. Kelvin aliandika namba yake ubavuni mwa lori, kwa rangi nyeupe. Mlango wa kushoto aliutengeneza. Chama kimoja cha nyumba za wazee kilikuwa kinatafuta mkata miti anayeweza kuonyesha namba yake na karatasi za mizigo, naye alizionyesha, akapata kazi ya mwaka. Wakata miti wawili wa foleni ile walimfuata kimyakimya kumuuliza jinsi ya kujiandikisha. Mmoja ni yule aliyepiga kelele ya kuposa. Kelvin aliwaeleza kama alivyoelezwa. Leanne alipanda liki nyingine. Hazikuwahi mashindano.

Msimu wa majani kudondoka, simu ililia. Ilikuwa sauti ya Bibi Tranter. Kisiki kilikuwa bado kipo, na alitaka kisagwe.

Kelvin alifika na mashine ya kukodi. Alitaka kupita nyuma, akasita, akaenda kugonga mlango wa mbele.

Bibi alifungua. Alikuwa ameshika simu mkono mmoja na kioo cha kukuzia mkono mwingine.

"Habari za asubuhi. Namba yako ya leseni, tafadhali."

Kelvin alidhani anatania. Alimtazama usoni, akaona hatanii. Akamtajia. Bibi aliiandika kwenye ile orodha ya serikali, simuni, kwa kidole kimoja, polepole, akasoma jina kwa kioo.

"Ni wewe," akasema. "Na mabaki ya kisiki, unayapeleka wapi?"

"Kituoni. Kwa Gaynor. Jioni nitakuletea nakala ya karatasi."

"Niletee."

"Bibi, siku ile pale mlangoni..."

"Nilikuona," bibi akasema. "Nilikungoja, nawe uliniona nakungoja." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja bei ya unga. "Unaweza kuanza kazi."

Mlango ukafungwa.

Kelvin alisaga kisiki mpaka ardhi ikawa sawa. Alifagia njia, alifagia hata pale ambapo hapakuwa na uchafu. Ndani aliona mvuke wa birika dirishani, na bibi ameketi na kikombe kimoja.

Jioni alirudi na karatasi, ina sahihi mbili na tarehe. Bibi Tranter aliipokea kizingitini, akaisoma yote kwa kioo, kuanzia juu mpaka chini.

"Iko sawa," akasema. "Asante, bwana Preece."